Ushauri wa Afya: Mama apasuliwe kwa matundu au tumbo lifunguliwe?

BARUA

Washauri wetu, hamjambo.

Mimi ni kifungua mimba katika familia ya watoto wanne, kwetu ni Bahati, Nakuru. Mama ana miaka 61. Hulima mboga na kuziuza sokoni Nakuru mjini. Alianza kushiba upesi na kutapika, akaingizwa mpira wenye kamera, wakakata kinyama kidogo, majibu yakaja kwamba ni saratani katika sehemu ya chini ya mfuko wa chakula. Picha ya CT haikuonyesha kitu kwenye ini wala mapafu. Ameshapata kemo (dawa za kuua saratani) raundi nne, ya mwisho wiki iliyopita. Uzito umeshuka kutoka kilo 68 hadi 59. Daktari wa upasuaji hapa Nakuru anasema ataondoa kama theluthi mbili za mfuko huo pamoja na tezi zinazouzunguka, na atafungua tumbo. Tarehe ni mwezi ujao, wiki ya tano baada ya kemo.

Mdogo wangu aliye Nairobi hataki hata kusikia. Anasema siku hizi watu wanapasuliwa kwa matundu. Aliyetobolewa anarudia maisha yake, aliyefunguliwa anabaki mgonjwa. Amepata hospitali ya kibinafsi, lakini bei yake ni lazima tuuze ng'ombe wote wawili na nusu ekari, na nafasi iko baada ya miezi miwili na nusu. Mama mwenyewe anauliza mawili tu: ataweza kula ugali? Na ataweza tena kubeba gunia la sukuma? Tufanyeje?

— Kifungua mimba, Bahati

JIBU

Dada, pole kwa mzigo huo, na mpe Mama salamu zetu. Maswali yake mawili yamegusa penyewe kuliko mabishano ya watoto wake, na tutayafikia. Kwanza la mdogo wako: msiuze shamba kwa sababu ya urefu wa kidonda, na msisogeze tarehe kwa miezi miwili na nusu kwa sababu hiyo.

Tofauti ya njia hizi mbili iko kwenye mlango wa kuingilia. Kwa kufungua, daktari hupasua katikati ya tumbo kutoka chini ya kidari hadi karibu na kitovu, mara nyingi sentimita 15 hadi 20. Kwa matundu, tumbo hujazwa hewa ya kaboni dioksidi ili liinuke, kisha hutobolewa matundu kama matano ya milimita 5 hadi 12 ya kupitishia kamera na vifaa. Hata hapo ni lazima kuwe na mpasuo mmoja wa sentimita chache wa kutolea nyama iliyokatwa. Ukishaingia ndani kazi ni ileile: sehemu yenye uvimbe inaondolewa, tezi za limfu zinakusanywa, na kipande cha mfuko kilichobaki kinaunganishwa na utumbo mwembamba. Mama atakula kwa kutumia hicho kipande kilichobaki, na kipande hicho hakijui daktari aliingilia wapi.

Jambo hili limepimwa. Korea Kusini walifuatilia wagonjwa zaidi ya 1,400 wenye saratani ya hatua ya kwanza. Matatizo ya baada ya upasuaji yaliwapata asilimia 13 ya waliotobolewa na karibu asilimia 20 ya waliofunguliwa, na vidonda vilichangia sana tofauti hiyo. Hapo matundu yalishinda. Lakini baada ya miaka 5 waliokuwa hai walikuwa asilimia 94.2 ya waliotobolewa na 93.3 ya waliofunguliwa, yaani sawa. China walichukua zaidi ya wagonjwa 1,000 ambao saratani ilikuwa imesonga mbele zaidi, na baada ya miaka 3 waliokuwa hai bila ugonjwa kurudi walikuwa asilimia 76.5 kwa matundu na 77.8 kwa kufungua. Uholanzi, kati ya 2015 na 2018, hospitali 10 zililinganisha wagonjwa 227. Waliotobolewa walipoteza damu kidogo zaidi, kama mililita 150 dhidi ya 300, ingawa walikaa thieta muda mrefu zaidi. Kulala hospitali ilikuwa siku 7 pande zote mbili. Walipoulizwa kuhusu kula, maumivu, uchovu, usingizi na kazi za nyumbani katika mwaka uliofuata, hapakuwa na tofauti ya maana. Madai ya mdogo wako, kwamba aliyefunguliwa anabaki mgonjwa, yanaangukia hapo.

Hatusemi matundu ni mapambo ya matajiri. Maumivu ya wiki za mwanzo hupungua, kidonda hakiingii usaha kwa urahisi, na ngiri ya kwenye kovu huwa nadra. Kama ugonjwa ungekuwa wa mapema, daktari anafanya upasuaji huo mara kwa mara na bei na tarehe ni zilezile, tungewaambia nendeni. Ila matundu nayo yana ya kwake. Bega linaweza kuuma siku mbili tatu kwa sababu ya ile hewa. Tena, kwa kuwa tumbo halishikani ndani kwa makovu kama linavyoshikana baada ya kufunguliwa, utumbo hupata nafasi ya kuteleza na kunaswa kwenye mianya iliyoachwa na maunganisho, hata miaka baadaye, daktari asipoishona mianya hiyo. Na si kila anayeingia kwa matundu hutoka kwa matundu: damu ikivuja, au uvimbe ukikutwa umeshika kongosho, daktari mwenye busara hufungua tumbo palepale.

Linalotutia wasiwasi ni kalenda. Baada ya kemo ya mwisho, upasuaji hupangwa kati ya wiki ya 4 na ya 6, mwili ukiwa umepumzika na saratani haijapata muda wa kuamka. Tarehe ya Nakuru iko ndani ya muda huo. Ile ya Nairobi inaangukia wiki ya 11 hivi. Kuna na umbali: Nairobi ni kama kilomita 160, na tatizo likitokea siku ya 9, Mama akiwa ameshatoka wodini, litatokea Bahati usiku. Heri aliyemkata awe karibu.

Ulizeni pia kama yale matundu ya Nairobi ni ya kutoa uvimbe au ya kuchungulia tu. Kabla ya upasuaji mkubwa madaktari wengi huingiza kamera kupitia tundu dogo kuangalia kama kuna chembe za saratani zilizotapakaa juu ya utando wa tumbo, kwa maana CT huzikosa zikiwa ndogo. Familia nyingi husikia "matundu" zikadhani ndiyo matibabu yenyewe. Mwulizeni daktari wa Nakuru kama atachungulia kwanza. Akikuta zimetapakaa, Mama ataepushwa mkato mkubwa usiomfaa, na mpango wote utabadilika.

Siku ya kliniki, muwe na karatasi ya maswali. Amefanya upasuaji wa aina hii mara ngapi, na mwaka huu mara ngapi? Huondoa tezi ngapi kwa kawaida? Ripoti ya maabara inapaswa kuhesabu angalau 16 ili hatua ya ugonjwa ijulikane vizuri. Atabakisha mfuko kiasi gani, na kuna uwezekano wa kuutoa wote? Swali hili ndilo zito kuliko la matundu. Aliyebakiwa na theluthi moja hula vizuri zaidi, huharisha kidogo zaidi na hupungua uzito kidogo kuliko aliyeondolewa mfuko wote, na tofauti hiyo huonekana hata baada ya miaka. Mwisho, maumivu yatatulizwaje: kwa sindano ya mgongoni, kwa mpira wa dawa kando ya kidonda, au kwa dawa za kawaida tu? Aliyefunguliwa tumbo akitulizwa vizuri hukohoa na kutembea siku inayofuata. Asipotulizwa hupumua juujuu kwa woga wa kidonda, makohozi yanakaa, na nimonia inaingia.

Wiki zilizobaki ni za kumlisha. Kilo 9 zilizopotea ni nyingi, na mwili usio na akiba hauungi mshono vizuri. Ale kidogo mara sita: mayai mawili kwa siku, maziwa au mtindi, samaki, uji wa wimbi uliotiwa kijiko kikubwa cha siagi ya karanga na kimoja cha omena iliyokaangwa kavu na kusagwa. Atembee nusu saa kila siku. Avute pumzi ndefu mara kumi kila saa akiwa macho, ili mapafu yazoee. Damu ipimwe mapema, kwa sababu uvimbe wa namna hii huvuja polepole na kumpunguzia chuma. Akianza kutapika chakula cha jana, msingoje tarehe. Njia ya kutokea imeziba na huenda akahitaji mpira wa kumlishia utumboni.

Mpira huo huweza kuwekwa pia wakati wa upasuaji, na akirudi nao nyumbani kuna kosa moja linalojirudia: kupitisha uji. Uji huganda ndani, mpira unaziba, na kuuzibua ni safari ya hospitali. Pitisheni lishe ya maji mliyoelekezwa peke yake, na kabla na baada ya kila mlo sukumeni ndani ya mpira, kwa bomba la sindano, mililita 30 za maji safi ya vuguvugu. Tembe zilizosagwa huziba vilevile. Ombeni dawa ya maji.

Sasa ugali. Atakula, lakini si mwezi wa kwanza, na hatakula sahani aliyozoea. Wiki mbili za mwanzo ni supu iliyochujwa, uji mwepesi na mtindi, nusu kikombe kwa wakati. Kutoka wiki ya 3 hadi ya 6 ni vyakula laini: viazi vilivyopondwa, ndizi ya kupika, yai la kuchemsha, ngege aliyetolewa miiba, parachichi. Baada ya hapo ajaribu kitu kipya kimoja kwa siku, ili kikimsumbua mkijue. Ugali uanze kwa tonge la ukubwa wa yai, laini, na samaki au nyama ya kusaga. Atafune hadi kiwe uji mdomoni, maana kazi iliyokuwa ya mfuko sasa ni ya meno. Sukuma ikatwe nyembamba na kupikwa ilainike. Machungwa ayanyonye maji na kutema makapi, na maembe ya nyuzi ayaache mwaka wa kwanza, kwa sababu nyuzi hujikusanya ndani ya kipande cha mfuko zikafanya donge linaloziba njia.

Siku yake ikae hivi: saa moja asubuhi uji, saa tatu na nusu yai, saa sita mlo mdogo, saa tisa mtindi au parachichi, saa kumi na mbili jioni mlo mdogo, saa mbili na nusu usiku kitu chepesi. Maji na chai anywe nusu saa kabla au nusu saa baada ya chakula, si pamoja. Asilale bapa baada ya kula. Usiku kichwa na kifua viinuliwe, na njia rahisi ni matofali mawili chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwani.

Nusu saa hiyo na milo hiyo midogo ina sababu yake. Zamani mfuko ulihifadhi chakula na kukiachia kidogo kidogo. Sasa kinateremka utumboni kwa mkupuo, na kikiwa kitamu huvuta maji ya mwili. Dakika 10 hadi 30 baada ya kula moyo unaenda mbio, jasho linatoka, tumbo linasokota, anakimbilia choo. Wengine hupatwa na la pili baada ya saa moja hadi tatu: sukari imepanda haraka, mwili umemwaga insulini kupita kiasi, sukari inaanguka. Anatetemeka, anaona giza, anaongea yasiyoeleweka, na watu wanaanza kukemea pepo. Hilo la pili litulizeni kwa vijiko viwili vya sukari kwenye maji kidogo, kisha yai au karanga ili sukari isianguke tena. Kulizuia ni kazi ya kila mlo: sukari ndogo, protini kwanza.

Hapa mtagombana na wageni. Kumwona mgonjwa kwetu ni soda, juisi ya pakiti na glukosi, na kila mmoja wa vitu hivyo ni kichochezi. Pokeeni kwa mikono miwili, wapeni watoto. Anayeuliza alete nini, mwambieni mayai. Chai ya Mama nayo ipunguzwe sukari, na maziwa ya kawaida yakimharisha abadilishe kwa mtindi.

Gunia. Wiki 6 za mwanzo asiinue zaidi ya kilo 5, yaani kibuyu kimoja cha lita tano cha maji. Hili lingemhusu hata angetobolewa, ingawa hapo kazi nyepesi zingerudi mapema kidogo. Jembe dogo na kuchuma mboga vinaweza kuanza mwezi wa tatu. Gunia lenyewe, kwa maoni yetu, lisirudi mgongoni mwake kabla ya miezi sita, na likirudi ligawanywe mara mbili. Aliyefunguliwa akibeba mapema, misuli huachana chini ya kovu na utumbo hutokeza: ngiri, na upasuaji mwingine. Akikohoa au kuinuka kitandani, akumbatie mto juu ya kidonda.

Uzito utashuka tena. Kwa aliyebakiwa na sehemu ya mfuko, tarajieni kilo 3 hadi 6, na kwa kawaida huacha kushuka kati ya mwezi wa tatu na wa sita. Ukiendelea baada ya hapo, au choo kikiwa cha mafuta, kinaelea na kunuka vibaya, mwambieni daktari. Huenda vimeng'enya vya kongosho havikutani vizuri na chakula, na vipo vidonge vya kusaidia. Vitamini B12 nayo ipimwe angalau kila mwaka. Ini lina akiba ya miaka kadhaa, kwa hiyo upungufu huja kimya wakati kila mtu ameshasahau upasuaji: ganzi miguuni, ulimi kuuma, kusahausahau. Sindano ya mikrogramu 1,000 ndiyo dawa, na aliyeondolewa mfuko wote huipata maisha yake yote. Tembe za chuma asizimeze na chai wala maziwa, bali na maji ya limau au chungwa. Kalsiamu iwe saa tofauti na chuma.

Bado kuna kemo. Mpango wa raundi nne kabla mara nyingi huwa na nne baada, na ndani ya utafiti ulioutambulisha mpango huo, uliochapishwa 2019, chini ya nusu ya wagonjwa walimaliza raundi zote. Wengi hukwama baada ya upasuaji kwa udhaifu. Kila yai atakalokula Mama katika wiki sita za baada ya upasuaji ni la kumfikisha kwenye kemo hiyo, na hapa ndipo pesa za mdogo wako zinafanya kazi kuliko Nairobi.

Wiki mbili za kwanza, homa, maumivu ya tumbo yanayozidi badala ya kupungua, moyo kwenda mbio au pumzi kukatika ni dalili kwamba huenda mshono wa ndani unavuja. Mrudisheni hospitali saa hiyohiyo. Mguu mmoja kuvimba na kuuma ni damu iliyoganda. Kutapika kila kitu na kutotoa hewa kwa nyuma ni utumbo kuziba. Na hata baada ya mwaka, maumivu makali ya ghafla ya kusokota yakija, hata bila kutapika, waambieni wa dharura kwamba alikatwa mfuko wa chakula, wafikirie utumbo ulionaswa.

Mpeni mdogo wako kazi, asibaki kubishana kwa simu. Ahakikishe michango ya Mama ya SHA (bima ya afya ya serikali) imelipwa na kibali cha upasuaji kimeombwa kabla ya tarehe, maana bila kibali tarehe hupita. Alipie mtu wa kukaa na Mama wiki sita na wa kumuuzia mboga sokoni. Siku ya kutoka wodini adai muhtasari wa upasuaji ulioandikwa, na baadaye afuatilie ripoti ya maabara ya kile kipande: idadi ya tezi, ngapi zilikuwa na saratani, kama kingo zilikuwa safi, na kama kuna bakteria ya H. pylori, ambayo ikipatikana hutibiwa kwa vidonge, na ninyi watoto mpimwe pia. Atoe nakala mbili, moja ikae Bahati na nyingine iende kwa daktari wa kemo.